Binti wa miaka 16 akija peke yake zahanati, sheria inasemaje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, nina miezi saba kazini, katika zahanati ya kijiji kando ya Ziwa Victoria, mkoani Geita. Wiki mbili zilizopita alikuja binti wa miaka 16. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea na shule, sasa anamsaidia shangazi yake kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki. Alikuwa peke yake. Akasema anataka uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi. Nilitaka kumhudumia, lakini mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, akanizuia: aje na mzazi kwanza, maana chini ya 18 ni mtoto, na mtoto hana ridhaa ya tendo la ndoa, kwa hiyo nikimpa nitakuwa nimeshiriki kosa la ubakaji. Binti akaondoka na hajarudi. Je, mfawidhi yuko sahihi? Na je, natakiwa kuripoti polisi kila binti wa umri huo anayekuja?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole na kazi.

Nianze na jibu lenyewe, upate usingizi. Hakuna sheria ya Tanzania Bara inayokutaka umdai binti huyo saini ya mzazi ndipo umpe uzazi wa mpango. Mfawidhi wako amechukua mambo mawili ya kweli akayaunganisha, likatoka la tatu lisilo la kweli. Kweli, binti wa miaka 16 ni mtoto. Kweli, sheria haihesabu ridhaa yake katika tendo. Ila kutoka hapo kufika kwenye "mnyime sindano" ameruka mto usio na daraja. Suala la polisi lina kona zake, nitalifikia.

Nimeanza maisha kama muuguzi mkunga kabla sijaenda kusomea sheria, kwa hiyo nitajibu nikiwa na kofia zote mbili. Nivumilie nikichanganya.

Tuchukue kwanza hilo neno mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Hapo ndipo mfawidhi amefunga kitabu. Angefunua hadi kifungu cha 8 angekuta kwamba hakuna anayeruhusiwa kumzuilia mtoto elimu, chanjo, chakula, mavazi, malazi, afya na matibabu, na kwamba mtoto asinyimwe matibabu kwa sababu ya imani za dini au imani nyinginezo. Na kifungu cha 11 kinampa mtoto anayeweza kuwa na mawazo yake haki ya kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Binti ametembea kutoka mwaloni hadi zahanati, amekaa kwenye benchi, ametaja njia mbili kwa majina. Mawazo anayo.

Sasa ubakaji, neno lililowatia hofu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(2)(e), kilichoingizwa na ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 tunayoiita SOSPA, kinasema mwanaume anayefanya tendo na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, awe ameridhia au hakuridhia. Kisha sentensi inaendelea, na mwendelezo huo ndio watu wengi hawajawahi kuusoma: isipokuwa msichana huyo awe ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana.

Soma tena hapo. Maana yake, kama shangazi yake angepokea mahari mwaka jana, na baba akakubali, binti huyohuyo angeingia zahanati yako akiwa mke wa mtu, mfawidhi angemwita "mama", na sindano angepata kabla chai ya saa nne haijapoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, ndiyo iliyofungua mwanya huo: msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mvulana asioe hadi 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, na tarehe 8 Julai 2016 mahakama ikasema vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ule mwaka mmoja ukapita bila Bunge kupitisha marekebisho. Nayaeleza haya ili uone kwamba kinachomsumbua mfawidhi wako kinasumbua nchi nzima: binti mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, na kila sheria anayosimama mbele yake inamhesabia umri tofauti.

Na hatujamaliza umri. Kwenye VVU ana umri mwingine. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilikuwa inamtaka aliye chini ya 18 aje na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Novemba 2019 Bunge likarekebisha, umri wa kupima kwa ridhaa yako mwenyewe ukashushwa hadi miaka 15, na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Kwa hiyo siku ile binti wa mwaloni alipokaa mbele yako, ulikuwa na ruhusa ya wazi kabisa, iliyoandikwa na kupigwa muhuri, kumpima VVU bila kumwita mtu yeyote. Bunge limekubali kwamba katika umri huo anaweza kuhitaji kipimo. Anayehitaji kipimo hicho anahitaji kitu kingine pia, na kila muuguzi anajua ni kitu gani.

Turudi kwenye hoja ya kushiriki kosa. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kinachoeleza nani anahesabika mshiriki. Yumo anayetenda, yumo anayemshawishi mwingine atende, na yumo anayefanya jambo fulani kwa lengo la kumwezesha au kumsaidia mwingine kutenda kosa. Kwa lengo. Mwenye nyumba ya wageni anayempa mzee mmoja chumba na binti wa miaka 15 huku akijua kinachoendelea, huyo akajitafutie wakili. Muuguzi anayemkinga binti na mimba halengi kumsaidia mwanaume yeyote kubaka. Hata kumtambua mwanaume huyo humtambui. Ingekuwa hoja ya mfawidhi ina mashiko, basi kumpa binti wa miaka 16 dawa ya kisonono kungekuwa kosa, na kumzalisha kungekuwa kosa kubwa zaidi. Katika miaka yangu yote, kwanza kwenye zamu na baadaye kwenye makaratasi ya mahakama, sijakutana na muuguzi aliyeshitakiwa kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango.

Kuna kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa mwaka 2016, ambacho watu hukichomeka kila mahali. Kinatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kina adhabu kwa anayesaidia. Binti wako si mwanafunzi, kwa hiyo hapa hakimhusu. Hata angekuwa mwanafunzi, kosa lililotajwa ni kuoa na kumpa mimba. Wewe ulikuwa unazuia mimba.

Sasa miongozo, maana zahanati inaendeshwa zaidi na miongozo kuliko sheria za Bunge. Tangu mwaka 1994 miongozo ya taifa ya uzazi wa mpango imesema watu wote walio katika umri wa kuzaa, vijana wa umri wa kubalehe wakiwemo, wana haki ya kupata taarifa na huduma bila kujali wamezaa au hawajazaa, wameoa au hawajaoa. Miongozo ya mwaka 2013 ikaendelea na msimamo huo. Mwaka 1994, mdogo wangu. Huenda wewe ulikuwa hujazaliwa. Na kama mfawidhi anataka ushahidi ulio mezani kwake, afungue Kitabu cha MTUHA Namba 8, yaani katika yale madaftari ya kumbukumbu za huduma, kile cha uzazi wa mpango. Kina safu ya umri wa mteja. Safu ya saini ya baba hakina. Taarifa ya mwezi mnayoipeleka wilayani inawahesabu wateja kwa makundi ya umri, walio chini ya miaka 20 wakiwemo. Wizara ingekuwa inawakataza isingeomba hesabu yao.

Kitabibu nako mlango uko wazi. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani haviuhesabu umri peke yake kuwa sababu ya kumnyima mtu njia yoyote ya muda. Kijiti kwa aliye chini ya 18 kimewekwa daraja la kwanza, yaani hakuna kizuizi. Sindano iko daraja la pili kwa umri huo, kwa sababu ya wasiwasi juu ya uimara wa mifupa, na maana ya daraja la pili ni kwamba faida kwa kawaida inazidi hatari: unampa, unamweleza. Kwa kuwa alitaja zote mbili, ningeanza kuzungumza naye kuhusu kijiti. Implanon ni miaka mitatu, Jadelle mitano, na hakuna tarehe ya kurudi ya kusahau wakati dagaa wamekuja kwa wingi. Kondomu juu yake, kwa ajili ya magonjwa. Ila uamuzi ni wake, na asitoke na kijiti kwa sababu dada wa zahanati amekipenda.

Naomba nikiri jambo. Mwaka wangu wa pili kazini, katika zahanati ambayo sitaitaja, binti alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Foleni ya kliniki ya watoto ilikuwa ndefu, mimi nimechoka, nikatoa kichwa mlangoni nikaita kwa sauti: "Aliyekuja kwa uzazi wa mpango ni nani?" Kina mama kama ishirini wakageuka. Binti akatazama chini, akakunja khanga yake, akanyanyuka taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, akaenda zake. Hakuna sheria iliyomzuia siku ile, wala mfawidhi. Ilikuwa sauti yangu. Miezi kadhaa baadaye nilimpima tumbo.

Ndiyo maana ninapoulizwa ni sheria ipi inayowazuia vijana, huwa natamani kuuliza benchi liko wapi, mlango unafungwa na nini, na nani anaita majina. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 uliwakuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Mwaka 2015-16 walikuwa 27. Hesabu imeshuka, lakini bado ni zaidi ya mmoja kwa kila watano, katika nchi ambayo vituo vya serikali vinatoa uzazi wa mpango bure.

Tena kuna kichekesho kisichochekesha. Binti huyohuyo mliyemrudisha akamlete mzazi, akija tena miezi mitano baadaye ana ujauzito, hakuna atakayemwuliza mzazi. Ataulizwa mwenza. "Njoo na mwenza wako mpime pamoja." Mwenza amekwenda visiwani, au amekana, au ni mtu asiyetajika. Basi katika vituo vingi binti hutumwa kwa mwenyekiti wa kitongoji akaandikiwe barua kwamba hana mwenza, na wapo wenyeviti wanaotaka "ya soda" kwa barua hiyo. Kumshirikisha mwenza ni jambo jema linalohimizwa na wizara. Kumrudisha mjamzito bila huduma kwa sababu hana mwenza si mwongozo wa mtu yeyote. Ni kanuni tuliyoitunga wenyewe kwenye korido. Kituo chenu kikiwa nacho hicho kibarua, anzeni kukiondoa.

Na njia nyingine anayoweza kurudi nayo unaijua: usiku, anavuja damu, amepewa kitu na mtu. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inaharamisha utoaji mimba, kwa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa vifaa au dawa. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Ila kumhudumia aliyeharibikiwa na mimba si kosa hata chembe. Humwulizi kwanza nani alikupa. Unazuia damu.

Tufike polisi sasa. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa apeleke taarifa kwenye mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo husika. Wewe ni mwanajamii, tena mwenye leseni. Kwa hiyo siwezi kukuambia "hilo halikuhusu". Linakuhusu. Swali ni lini na kwa namna gani.

Kabla hajaanza kusimulia, mwambie ukweli: "Tunayozungumza hapa ni siri yako, isipokuwa nikiona kuna mtu anakuumiza, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kabla sijafanya." Kisha uliza kwa upole. Huyo mwenzako ana umri gani, takriban? Mlijuana vipi? Ukisema hapana anakubali? Kuna anayekulazimisha, au anayetaka ulale naye ndipo akubali kukuachia samaki? Hilo la mwisho kwenye mialo lina historia yake, wewe unaishi huko unaijua kuliko mimi. Majibu yakikuonyesha mtu mzima, ndugu wa nyumbani, mwajiri, mtu anayemtumia au kumtisha, hapo usisite: ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au simu ya bure 116 ya msaada kwa mtoto. Akiwa na miaka 12 au 13, usiamue peke yako hata kama anasema yuko sawa kabisa. Mwite ofisa ustawi siku hiyohiyo.

Akiwa ni kijana mwenzake wa miaka 17 wanayependana? Hapa sheria yetu haina hekima nyingi. Haina msamaha kwa watoto walio rika moja. Kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinampunguzia tu mvulana wa miaka 18 au chini adhabu, kwa kosa la kwanza viboko badala ya miaka 30. Maoni yangu, na haya ni maoni, ni kwamba kumwita askari kwa kila jozi ya vijana kutamaliza vijana zahanati kabla hakujamaliza mahusiano. Usifanye siri ya peke yako pia. Mpigie ofisa ustawi wa jamii, mweleze hali bila kutaja jina kwanza, mshauriane, uandike kwamba mlishauriana. Mara nyingi atakusaidia kuona kitu ambacho hukukiona.

Lolote utakaloripoti, huduma haisubiri ripoti. Kama kuna aliyebakwa, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, tena mapema inavyowezekana, na P2 au njia nyingine ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. PF3, ile fomu ya polisi, ina umuhimu wake mahakamani, lakini unamhudumia kwanza, fomu inafuata. Nimeona watu wakitumwa kilomita nyingi kufuata karatasi hiyo huku saa zinahesabika, na wakirudi zimeshapita.

Nadhani sehemu ya hofu ya mfawidhi haitoki kwenye vitabu kabisa. Inatoka kwenye redio. Watumishi wa umri wake wamepita kipindi ambacho sera ilisikika jukwaani kabla ya kuandikwa. Juni 2017, kule Chalinze, Rais Magufuli alisema msichana akipata mimba shuleni ndiyo basi, harudi. Septemba 2018 akiwa Simiyu akawasema wanaotumia uzazi wa mpango, na mwezi huohuo wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango kwenye redio na televisheni. Hakuna mwongozo uliofutwa. Miongozo ilibaki kabatini vilevile, lakini mikono ya watoa huduma ikawa mizito. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za serikali, na waraka ukatoka. Mwaka uliofuata, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaikuta Tanzania na hatia ya kukiuka haki za wasichana hao, kuwapima mimba kwa lazima kukiwemo. Mambo yamegeuka, ila mtu aliyezoea kusikiliza upepo haachi kwa waraka mmoja. Usimchukulie kama adui. Anaogopa, na ana sababu za kuogopa, ingawa siku hizi zimepitwa na wakati.

Wasomaji wa Zanzibar watanidai neno lao: afya si jambo la Muungano, na huko kuna Sheria ya Mtoto yao ya mwaka 2011, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, msichukue majibu haya ya Bara mkayapeleka hospitali ya Mnazi Mmoja kama yalivyo. Na wa Mombasa na Kilifi ndio wasiyachukue kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inataja afya ya uzazi kwa jina, kitu ambacho Katiba yetu ya 1977 haikifanyi. Lakini Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, kifungu cha 16, imeweka sharti la ridhaa ya wazi ya mzazi au mlezi kwa huduma za afya ya uzazi kwa mtoto, wakati sheria yao ya VVU ya mwaka 2006 inamruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, mwenye mtoto, au aliye kwenye hatari ya kuambukizwa, kukubali kipimo mwenyewe. Komeo ambalo mfawidhi wako analiona Geita lipo kweli, ila lipo ng'ambo ya mpaka.

Kazi yako kesho, basi. Usimvamie mfawidhi mbele ya watu na vifungu vyangu. Wewe una miezi saba, yeye ana miaka. Mwombe kwa adabu akuonyeshe mwongozo unaodai mzazi, useme unataka kuusoma ili usikosee. Hatauona. Kisha mwombeni pamoja mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya awaletee nakala ya miongozo, aje aelekeze wote. Akielekezwa na wilaya hatakuwa ameshindwa na wewe, na hilo lina uzito kijijini.

Jiandae na siku mzazi atakapokuja juu, "nani amemwekea mwanangu kijiti?" Atakuja. Msimamishie kiti, kwa sababu sheria hiyohiyo ya Mtoto imempa wajibu wa kumlea na kumlinda, na uchungu wake ni wa kweli. Kitabu Namba 8 usimfungulie. Maadili ya taaluma yenu chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga yanakufunga kutunza siri ya mteja, na ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Unaweza kusema: "Baba, habari za mteja yeyote siwezi kuzitoa, hata zako nisingempa mtu. Ila kama una wasiwasi na binti yako, kaa tuzungumze." Wengine wanakaa. Mmoja aliwahi kukaa hadi jioni, akaishia kuuliza habari za shinikizo la damu lake.

Na binti? Usimtumie ujumbe kwa shangazi, wala usimtaje kwenye mkutano wa kijiji hata kwa mafumbo. Kama mna mhudumu wa afya wa jamii anayepita mwaloni kwa habari za vyandarua au kipindupindu, azungumze na wasichana wote wanaoanika dagaa, kundi zima, na katikati ya maneno mengine aseme kwamba yule dada wa zahanati yuko zamu Alhamisi mchana, foleni ya watoto ikishaisha, na mlango wa nyuma huwa wazi.